Bustani ya pamoja mtaani: mboga ni chache, mbona watu hawaachi kuja? Faida hasa iko wapi?

#1 Mama_Kitalu
Salaam wakuu. Niko Sombetini, Arusha. Mtaani kwetu kuna kiwanja cha wazi ambacho kwa miaka mingi kilikuwa jalala. Kaya kadhaa tulimwendea mwenyekiti wa mtaa, tukaruhusiwa kwa mdomo kulima mboga. Kila kaya ina tuta lake. Matuta mawili ya mwisho ni ya wote, mboga zake zinakwenda kwa wagonjwa, wajane na yeyote ambaye wiki hiyo mambo yamemgomea. Tunapanda mnafu, loshuu, figiri, mchicha, sukuma na nyanya chungu.

Kinachonishangaza ni hiki. Mboga zenyewe si nyingi kiasi cha kumtoa mtu ndani. Kuna mama anauza mboga Mbauda, yaani mboga anazo tele, lakini jioni utamkuta kwenye tuta lake. Kuna kijana wa bodaboda anapaki pikipiki, anapalilia kidogo, anarudi kijiweni. Hawa wanafuata nini?

Nauliza kwa sababu nataka kupeleka hoja kwenye mkutano wa mtaa ili ruhusa iwe ya maandishi. Nikisimama nikasema "tunapata mboga" nitajibiwa nendeni soko la Kilombero, mboga zimejaa. Nisemeje?

#2 chalii_wa_ngarenaro
Mama, jibu unalo. Wanafuata umbea. Jembe moja, watu sita, habari za mtaa mzima.

#3 Mhasibu_wa_Jioni
Usidharau mboga mapema hivyo. Tupige hesabu ya mfano. Fungu moja 500, kaya ya watu sita inataka mafungu mawili kwa siku, hiyo ni 1,000. Kwa mwezi 30,000. Kama tuta lako linakupa nusu tu ya mboga unazokula, unabakiza 15,000 kila mwezi. Kwa mwenye mshahara mkubwa hiyo ni nauli ya siku mbili tatu. Kwa anayeishi kwa kibarua ni mafuta ya kula, sabuni na daftari za mtoto. Toa mchango wa bili ya maji na samadi, bado kitu kinabaki.

Ushauri wangu ni uende kwenye mkutano na namba. Viongozi wanaelewa namba.

#4 Nesi_wa_Zamu
Mhasibu amegusa mfuko, mimi niguse mwili. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku. Pitia sahani zetu jioni: ugali mlima, mboga kijiko. Sababu moja ni kwamba mboga ya kununua unainunua kwa kupima, ya tuta lako unachuma mpaka sufuria itosheke.

Halafu kuna akili. Uholanzi walifanya jaribio, likachapishwa 2011. Walichukua watu 30 wenye bustani za mjini, wakawapa kazi ya kuchosha akili, kisha nusu wakaenda kulima kwenye bustani zao kwa dakika 30 na nusu wakakaa ndani kusoma. Kotisoli, ile homoni inayopanda mtu akiwa na msongo, ilishuka kwa wote, ila kwa waliolima ilishuka zaidi. Kwa hiyo dada Mama_Kitalu, yule kijana wa bodaboda anakuja kupumua.

#5 Tuulizane
Nesi, heshima yako, lakini soma tena ulichoandika. Watu 30, na wote tayari walikuwa na bustani. Mpenda bustani ukimpeleka bustanini atatulia. Mpenda mpira ukimpeleka uwanja wa Sheikh Amri Abeid atatulia pia. Hiyo haituambii bustani ingemsaidia asiyeipenda.

Swali langu kwa mleta uzi: wanaokuja ni wale wale waliokuwa na afya, muda na ujirani mzuri toka mwanzo? Kama ni hao, bustani haijawapa kitu, imewakusanya tu.

#6 Nesi_wa_Zamu
#5 hoja yako inajibika. Lipo jaribio jingine, la Denver na Aurora kule Marekani, limetoka 2023. Watu 291, wote walikuwa hawajalima kwa miaka miwili iliyotangulia. Waligawanywa kwa bahati nasibu, kundi moja likapewa viwanja kwenye bustani za jamii, jingine likaambiwa lisubiri. Waliopewa viwanja waliongeza ulaji wa nyuzinyuzi kwa takriban gramu 1.4 kwa siku kuliko wenzao, wakajongea zaidi, na msongo na wasiwasi vikapungua. Hapo huwezi kusema ni wapenda bustani waliojichagua.

#7 Tuulizane
Hilo nalikubali ni jaribio zuri zaidi. Ila Denver si Sombetini. Kule unamtoa mtu kwenye chakula cha pakiti unamleta kwenye kabichi. Hapa mtu amezaliwa na mchicha mezani. Msongo pia, wa kule na wa hapa una sura tofauti. Mtu anayewaza kodi ya chumba hatapona kwa kupalilia.

#8 boda_sanawari
Naomba niongee, maana mimi ni bodaboda na nina tuta, si la huko Sombetini ila ni hivyo hivyo, la kikundi cha mtaa wetu.

Kodi ya chumba naiwaza hata nikiwa na jembe mkononi, Tuulizane uko sahihi. Lakini kutwa nzima barabarani naitwa "we boda". Abiria ananiita hivyo, askari, hata mtoto wa shule. Nikifika bustanini naitwa Baba Ignas. Wazee wananiuliza mtoto anaendeleaje. Mwaka juzi mke wangu alipojifungua kwa upasuaji, wale wa matuta ya jirani walipanga zamu ya kupika bila kuambiwa na mtu. Nimekaa mtaa ule miaka mingi kabla ya bustani na sikuwa najua majina yao.

Sijui kotisoli ni nini. Hicho ndicho ninachokifuata.

#9 chalii_wa_ngarenaro
Baba Ignas nakupa tano. Nilitania kule juu, lakini huo umbea wa zamu ya kupika hata mimi nautaka.

#10 Mndeny_wa_Pasua
Nawasalimu kutoka Moshi. Mnaongea kama bustani ya pamoja ni kitu kipya. Sisi huku Kilimanjaro tumeishi hivyo tangu mababu, kihamba ni nini kama si bustani? Migomba juu, kahawa chini yake, magimbi na mboga chini kabisa, na ng'ombe pembeni anatoa samadi. Mji umetuondoa huko, sasa tunarudi kwa mlango wa nyuma.

#11 Mama_Kiborloni
Mangi, hapo umechanganya. Kihamba hakijawahi kuwa cha pamoja. Ni cha familia, kinarithiwa, na mipaka yake imepandwa masale. Ujaribu tu kuvuka sale la jirani uone. Kilichokuwa cha pamoja ni mfongo, ule mfereji wa maji kutoka mlimani. Mfongo ulikuwa na watu wake, zamu zake, siku ya kuusafisha, na asiyefika anatozwa. Kihamba chako, maji yetu.

Nadhani ndiyo maana mpango wa Mama_Kitalu unadumu, tuta la mtu na kazi ya wote. Sisi huku Moshi mjini tulianzisha kikundi, tukalima kila kitu kwa pamoja, tukauza kwa pamoja, hela ikakaa kwa mtu mmoja. Msimu wa kwanza watu walijaa kama msaragambo. Wa pili wakaanza kutuma watoto. Wa tatu nikabaki mimi na mama mwingine, na daftari la mapato halikuonekana tena. Ardhi ilikuwa nzuri, mvua ilikuwa nzuri. Iliyokufa ni imani.

#12 Mndeny_wa_Pasua
Shangazi nimekusikia kuhusu masale. Lakini ndizi zikizidi si zilikwenda kwa jirani? Huo ndio upamoja ninaousema.

#13 BwanaShamba_Tengeru
Naingia upande wa udongo kwa sababu kuna jambo limepita kimya. Mama_Kitalu, umesema palikuwa jalala. Kulitupwa nini? Majivu na maganda ya ndizi hayana shida. Betri za magari, rangi za zamani, uchafu wa gereji, hapo kuna madini ya risasi, ambayo ni sumu, na mboga za majani ndizo zinazobeba zaidi kuliko zile za kuzaa matunda kama nyanya na nyanya chungu. Vumbi linaloganda kwenye majani nalo ni tatizo. Kama hamna uhakika, inueni matuta kwa udongo mpya na mboji, na osheni mboga kwa maji mengi. Pia msichote maji kwenye mto unaopita katikati ya mji. Naura na Themi huku juu karibu na Mlima Meru ni safi, zikishapita mjini zimebeba kila kitu.

La pili ni mbegu. Mnafu msipande wowote tu. Kuna aina mbili zilizosajiliwa nchini mwaka 2011, Nduruma na Olevolosi, zina majani mapana na hazikimbilii kutoa maua.

#14 chalii_wa_ngarenaro
Bwana shamba, Nduruma ni mto na kata, labda umekosea jina.

#15 BwanaShamba_Tengeru
Sijakosea, chalii. Mto upo, kata ipo, na mnafu upo. Zimepewa majina ya huku kwetu kwa sababu kazi ya kuziendeleza imefanyika Tengeru, kwenye kituo cha kimataifa cha utafiti wa mboga kilichopo pale tangu 1992. Hata nyanya ya Tengeru 97 jina limetoka huko huko.

Na kwa kuwa tumefika kwenye mnafu: wengi wanaung'oa na mizizi, wanaula mara moja, basi. Using'oe. Ukifika kimo cha shubiri, kata kile kichwa cha juu kwa ukucha wa kidole gumba, juu kidogo ya pale jani linapoungana na shina. Pale kwenye kwapa la jani patatoka chipukizi mpya. Nazo zikikua unakata hivyo hivyo, na shina moja linakuwa kichaka. Ukiona maua meupe yanaanza, yatoe, maana mmea ukishazaa majani yanakuwa machungu na madogo. Kwa mtindo huo tuta dogo linalisha nyumba kwa miezi.

#16 Mama_Kitalu
Asanteni wote. Bwana shamba, jalala lilikuwa la taka za majumbani ila gereji haipo mbali, kwa hiyo nalichukua hilo la kuinua matuta. Maji tunatumia ya bomba la jirani, tunachangia bili.

Tuulizane, umeuliza nani wanakuja. Si wale wale. Mwanzoni walikuja wanawake watupu wenye watoto wadogo. Sasa wapo wastaafu, wapo wapangaji wa chumba kimoja wasio na hata pa kuanika nguo. Aliyenishangaza zaidi ni mzee mmoja aliyefiwa na mkewe, hakuwa akitoka ndani. Binti yake alimleta akamkalisha kwenye kigoda. Sasa ndiye anayetugombeza tukimwagilia jua kali.

#17 Tuulizane
Dada, mzee huyo ni ushahidi mzuri kuliko nilioutegemea. Lakini labda kilichomtoa ndani ni binti yake, si bustani. Angempeleka kwenye bao angeenda pia.

#18 Dada_Mgeni_Njiro
Kwenye bao asingekaribishwa kila mtu, kaka. Mimi mwanamke nikikaa kwenye bao watu wataongea. Baa siendi. Kanisani ni Jumapili, na jirani wa dini nyingine hatukutani huko. Nilihamia Arusha kutoka Mtwara simjui mtu, geti limefungwa, jirani geti limefungwa. Mahali ambapo mtu yeyote anaweza kusimama bila kununua kitu na bila kuulizwa "umefuata nini" ni pachache sana mjini. Kwenye bustani una sababu ya kuwepo, jembe liko mkononi. Nilifundishwa loshuu pale, sikuwahi kuiona kwetu, na mimi nikawafundisha kupika kisamvu cha nazi. Kwangu faida ni hiyo, mahali pa kuwa.

#19 Mzee_Kufa_na_Kupona
Vijana, serikali ilishawahi kuamini jambo hili. Mwaka 1967 lilipotoka azimio la Siasa ni Kilimo, kila mtu aliambiwa alime, hata watu wa ofisini. Tulilima pembezoni mwa mji, ofisi kwa ofisi. Nakumbuka mahindi yalisimama mpaka karibu na barabara. Hakukuwa na mtu wa kuuliza faida, njaa ilikuwa inaonekana kwa macho.

#20 Mpimaji_Ardhi
Shikamoo mzee. Rekebisho dogo kwa wanaosoma: 1967 ni Azimio la Arusha. Siasa ni Kilimo ni la Iringa, 1972. Na kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona ilikuja 1974 baada ya ukame.

Sasa upande wa sheria, maana Mama_Kitalu anataka maandishi. Kilimo mjini si haramu kama wengi wanavyodhani. Kanuni za kilimo cha mjini za mwaka 1992 zilikitambua, zikaweka ukomo wa eka 3 kwa mtu mmoja. Kinachowaponza watu ni mahali. Kama kiwanja kiko kando ya mto, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli ndani ya mita 60 ambazo zinaweza kuharibu ukingo. Wengi wanasema mita 30, ni 60. Na kama kwenye ramani ya mipango miji kiwanja ni cha wazi au cha shule, mwenyekiti wa mtaa hana mamlaka ya kukigawa, hata akiwa na nia njema. Peleka barua kwa mtendaji wa kata, nakala kwa idara ya mipango miji, omba matumizi ya muda. Neno "muda" ndilo linalowatuliza.

#21 Mzee_Kufa_na_Kupona
Marahaba. Mwaka umeuweka sawa. Mahindi yalikuwepo.

#22 Mama_wa_Wawili
Mimi nina woga mwingine. Meno ya watoto wetu Arusha yanakuwa ya kahawia. Mboga zikimwagiliwa maji haya haya si tunaongeza tatizo?

#23 Nesi_wa_Zamu
Wasiwasi wako una msingi, rangi hiyo inaletwa na floridi iliyo kwenye maji, ila adui mkubwa ni maji ya kunywa na kupikia, si tuta. Shirika la Afya Duniani limeweka ukomo wa miligramu 1.5 za floridi kwa lita, na vyanzo vingi kuzunguka Meru vinapita hapo. Kuchemsha hakusaidii. Maji yanapungua, floridi inabaki. Kinachosaidia ni kuchuja kwa mkaa wa mifupa kama wanavyofanya kituo cha Ngurdoto, au kuwapa watoto wadogo maji ya chanzo chenye floridi ndogo. Kingine ni magadi. Mnachuma mboga safi kabisa halafu mnaitia magadi ilainike, na magadi ya huku yana floridi nyingi. Acheni magadi.

Na madumu ya maji bustanini yafunikwe. Mbu wa dengi anazaa kwenye maji masafi yaliyotulia.

#24 Mama_Kiborloni
Mnafu bila magadi unalainika vizuri tu ukiuchemsha na kuumalizia kwa maziwa. Watu wa Arusha hamjui kupika mnafu.

#25 chalii_wa_ngarenaro
Shangazi usituanze. Mnafu na maziwa mgando umeanzia huku.

#26 Mndeny_wa_Pasua
Umeanzia Machame. Endeleeni na uzi.

#27 Askari_Mgambo_Mstaafu
Hakuna aliyegusa usalama. Jalala lina vibaka, linaficha watu, usiku hakuna anayepita. Pakishakuwa na matuta, watu wapo asubuhi na jioni, njia ina macho. Kazini nimeliona hili zaidi ya mtaa mmoja. Mkutanoni anzia hapo, maana hata asiyekula mboga ana binti anayepita njia hiyo.

#28 Tuulizane
Au vibaka wamehamia uchochoro wa pili. Kuna mtu amewauliza wa uchochoro wa pili?

#29 Askari_Mgambo_Mstaafu
Wa uchochoro wa pili nao walime.

#30 Mhasibu_wa_Jioni
Nimesoma mpaka hapa, nasimama pale pale. Umoja, utulivu, usalama, vyote vizuri, lakini tuta lisipotoa mboga hakuna atakayekuja kutafuta utulivu kwenye majani makavu. Mboga ndiyo inayoita watu. Hayo mengine yanafuata.

#31 boda_sanawari
Kwetu kantangaze, wale wadudu wa nyanya, walimaliza nyanya zote msimu mzima, hatukupata hata moja. Watu waliendelea kuja.

#32 Mhasibu_wa_Jioni
Mlikuwa na mboga nyingine, si ndiyo?

#33 boda_sanawari
Sukuma ilikuwepo, ndiyo.

#34 BwanaShamba_Tengeru
Kantangaze kaingia nchini 2014 na hapa Arusha ndipo alipoonekana kwanza, kwa hiyo tumeishi naye muda mrefu kuliko wengine. Msipande nyanya, bilinganya na viazi mviringo kwa kufuatana kwenye tuta moja. Jani lenye mchirizi mweupe litoeni mapema, mlifukie mbali.

#35 Mama_Kitalu
Nimeandika rasimu ya barua. Nimeanza na usalama wa njia kama alivyosema afande, nikaweka hesabu ya Mhasibu, nikaomba matumizi ya muda kama alivyoelekeza Mpimaji. Ya Dada wa Njiro na ya Baba Ignas sijajua niyaandike vipi kwenye barua ya serikali, ila nitawaomba wenye matuta wenyewe wasimame mkutanoni waseme.

Swali dogo kwa bwana shamba: tumepewa samadi ya kuku, magunia mengi, bado inanuka sana. Tuitie moja kwa moja?

#36 BwanaShamba_Tengeru
Hapana, mbichi itaunguza miche. Ichanganye na majani makavu na udongo, funika, igeuze kila baada ya siku kadhaa na uinyunyizie maji ikikauka. Ikipoa ndani ukiingiza mkono, na harufu ikawa ya udongo, itie. Kabla ya hapo usiikaribishe kwenye mnafu.